Joho, Barua na Aibu: Lugha ya Sheria kama Nyenzo ya Jinai katika The Brethren ya John Grisham

Ikisiri

Makala haya yanahakiki The Brethren (2000), riwaya ya mwandishi Mmarekani John Grisham inayosimulia jinsi wafungwa watatu waliopata kuwa majaji wanavyodai fedha kwa vitisho kutoka ndani ya gereza. Hoja inayotetewa ni kwamba chombo chao cha uhalifu ni lugha: umilisi wao wa rejista ya sheria, uwezo wao wa kuigiza sauti ya mtu asiyekuwapo, na ufahamu wao wa namna jamii inavyoigeuza aibu kuwa mali. Makala yanachunguza anwani ya riwaya, mahakama ya gerezani, barua za hadaa na za vitisho, na nafasi ya msomaji asiyeandikiwa. Mwisho yanaonesha kwamba riwaya inafaulu kuifichua sheria kama vazi linaloweza kuvaliwa na yeyote, lakini inashindwa kuwapa sauti wale wanaoumizwa.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umechukua muda mrefu kuikubali riwaya pendwa kuwa mada inayostahili uchambuzi wa kina. Kazi za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, zilisomwa kwa hamu na watu wengi kabla ya kupata nafasi ya maana katika vitabu vya nadharia. Hata leo mwanafunzi wa uzamili anayependekeza kuandika tasnifu kuhusu riwaya ya upelelezi huulizwa mada hiyo ina uzito gani. Kwa riwaya za kisheria za Marekani, ambazo wasomaji wetu wengi huzipata katika maduka ya vitabu vilivyotumika, ukimya ni mkubwa zaidi: zinasomwa sana na hazijadiliwi.

Makala haya yanachukua mojawapo ya kazi hizo. Grisham alizaliwa mwaka 1955, akafanya kazi ya uwakili Mississippi na kuwa mjumbe wa baraza la wawakilishi la jimbo hilo katika miaka ya 1980 kabla ya kupata umaarufu kwa The Firm (1991). Anaijua mahakama kwa ndani. Swali la makala haya ni kile ambacho ujuzi huo unazaa anapowaweka wanasheria upande wa pili wa ukuta.

Msuko wenyewe unaweza kuelezwa kwa ufupi. Katika gereza la kubuni la Trumble, Florida, lenye ulinzi hafifu, wamo Joe Roy Spicer, hakimu mdogo wa Mississippi aliyeiba fedha za mchezo wa bingo. Finn Yarber, aliyekuwa Jaji Mkuu wa California, aliyefungwa kwa kukwepa kodi. Na Hatlee Beech, jaji wa mahakama ya shirikisho kutoka Texas, aliyewaua watu wawili kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Watatu hao huweka tangazo katika jarida la wanaume wapenzi wa jinsia moja, wakijifanya kuwa kijana mpweke aitwaye Ricky. Wanaojibu ni wanaume wenye mali na familia wanaoficha mapenzi yao. Wakishanaswa, hutakiwa walipe la sivyo siri itoke. Wakati huohuo mkurugenzi wa CIA, Teddy Maynard, anamwandaa mbunge Aaron Lake wa Arizona awe rais kwa ahadi ya kuongeza maradufu bajeti ya ulinzi. Lake naye ni mmoja wa waliomwandikia Ricky. Hapo mipango miwili ya vitisho, mdogo wa gerezani na mkubwa wa dola, inakutana.

2.0 Anwani na Tatizo la Neno "Ndugu"

Anwani ya riwaya ni neno la Kiingereza cha kale, wingi wa "kaka", lililobaki hai katika sehemu mbili: kanisani na kwenye kiti cha hukumu. Katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza, jaji huwarejelea majaji wenzake kwa neno hilo anapoandika uamuzi. Bob Woodward na Scott Armstrong walilitumia mwaka 1979 kuwa anwani ya kitabu chao kuhusu Mahakama ya Juu ya Marekani. Grisham anapowapa wafungwa watatu jina hilohilo, kinaya kinaanzia kwenye jalada.

Mfasiri wa Kiswahili angekwama hapa. "Ndugu" ndilo neno la karibu, ila historia yake ni nyingine. Kwa msomaji wa Tanzania, "Ndugu" linakumbusha enzi ya Ujamaa, usawa wa raia na mikutano ya chama. Halibebi harufu ya joho. Mahakamani tunasema "Mheshimiwa Jaji", na mawakili huitana "msomi mwenzangu". Hakuna neno moja la Kiswahili linaloshika kwa pamoja udugu wa dini, udugu wa kiti cha hukumu na udugu wa genge. Mfasiri atalazimika kuchagua. Akisema "Waheshimiwa", atapata kejeli na kupoteza ukaribu. Akisema "Ndugu", atapata ukaribu na kupoteza joho.

Ugumu huo unajirudia katika jina la kosa lenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inalo kosa la kudai mali kwa vitisho, na istilahi hiyo inatosha mahakamani. Lugha ya mtaani inatofautisha zaidi. Kumlaghai mpenzi mwenye fedha, hatua kwa hatua na kwa maneno matamu, ni "kuchuna buzi". Kumtishia kwamba siri yake itatolewa ni jambo jingine, na halina neno moja lililozoeleka. Tofauti hiyo ni muhimu kwa uchambuzi huu, kwa kuwa wafungwa wa Trumble hufanya yote mawili kwa mpangilio maalumu: humchuna mwathiriwa kwanza kwa huruma, kisha humkaba kwa hofu.

3.0 Mahakama ya Mkahawani

Riwaya inafunguka kwa kikao cha mahakama. Mfungwa aliyevaa wigi kuukuu na nguo ya kulalia anatangaza kuanza kwa shauri, na majaji watatu wanaketi mkahawani kusikiliza migogoro ya wafungwa wenzao. Mmojawapo wa migogoro hiyo ni malalamiko ya mfungwa kwamba wenzake wanakojolea bustani yake ya waridi. Msomaji anacheka, na ni haki yake kucheka.

Hata hivyo, kikao hicho kinastahili kuangaliwa mara mbili. Wafungwa wanaitii mahakama hiyo. Majaji hawana askari, hawana sheria iliyotungwa na bunge, hawana hata samani. Walichonacho ni fomula za kufungua shauri, utaratibu wa kusikiliza pande zote na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. J. L. Austin alieleza kwamba kitendo-uneni hufaulu pale tu masharti yake yanapotimia: asemaye awe na mamlaka, na utaratibu uwe unakubalika. Kwa kipimo hicho, hukumu za Trumble zilipaswa kuwa batili. Grisham anaonesha kwamba jamii ndogo inaweza kuyaumba upya masharti hayo kwa kukubaliana tu. Wigi linachekesha, lakini linafanya kazi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu za kulielewa wigi hilo kwa namna yake. Mahakama zetu zilirithi mavazi na fomula za Kiingereza, na nchini Kenya uamuzi wa kuyaweka kando mawigi wakati wa Jaji Mkuu Willy Mutunga ulizua mjadala uliovuka mipaka ya mavazi. Walioutetea wigi walihofia kwamba heshima ya mahakama ingepungua; walioukataa walisema heshima haikai kichwani. Grisham anawajibu wote kwa mfano mmoja: vazi linaweza kubaki na heshima yake hata pale aliyelivaa alipoipoteza ya kwake. Wafungwa haohao watatu, wakitoka mkahawani, huingia maktaba ya sheria na kuandika barua za wizi. Maktaba ndiyo ofisi yao kwa kazi zote mbili.

4.0 Barua: Kutoka Huruma hadi Amri

Barua za Ricky ndizo kiini cha riwaya. Kwa mtazamo wa isimu, zina hatua tatu zinazotofautiana katika matendo-uneni. Hatua ya kwanza ni tangazo, ambalo ni mwaliko usiomlenga mtu maalumu. Hatua ya pili ni mfululizo wa barua za kujenga ukaribu: Ricky yuko katika kituo cha tiba ya uraibu, ni mpweke, anaogopa yatakayompata akitoka. Hapa hakuna ombi la wazi. Mwandishi wa barua huonesha hali ya uhitaji na kumwachia msomaji azae ahadi mwenyewe. Huo ni ufundi ambao kila aliyewahi kusoma barua ya jamaa anayetaka karo ataufahamu: haja inasimuliwa, haiombwi.

Hatua ya tatu ni barua ya vitisho. John Searle aliainisha ahadi kuwa kitendo cha kujifunga, na vitisho vinafanana na ahadi kwa umbo: msemaji anajifunga kutenda jambo la baadaye. Tofauti yake ni kwamba mwenye kutishia anatarajia asilazimike kulitenda. Vitisho vya barua hii vimebeba amri ndani yake: lipa, ili nisifanye niliyosema. Kinachovutia ni rejista yake. Ulimi wa Ricky, mlaini na wenye makosa ya ujana, unatoweka ghafla, na mahali pake inakuja nathari kavu ya mwanasheria: kiasi, namna ya kulipa, tarehe ya mwisho, matokeo ya kukaidi. Quince Garbe, mmiliki wa benki katika mji mdogo wa Iowa, anatakiwa kutuma dola 100,000 katika akaunti iliyoko Bahamas. Hofu yake inatokana na kubadilika kwa sauti kuliko ukubwa wa kiasi. Aliyemwandikia kwa mapenzi hakuwahi kuwapo. Aliyeko anazungumza kama mahakama.

Hapa ndipo sehemu ya kwanza ya hoja yetu inapokamilika. Barua ya vitisho ni hukumu iliyogeuzwa: ina mdaiwa, shtaka, adhabu na muda wa kutekeleza. Majaji hawa hawajaacha kazi yao. Wamebadilisha tu msingi wa mamlaka yao, kutoka sheria ya nchi hadi aibu ya mtu.

Ulinganishi mmoja na fasihi yetu unasaidia kuona uzito wa jambo hili. Mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla yalitungwa gerezani nchini Kenya na kuandikwa kwenye karatasi za msalani, kwa kuwa mfungwa alinyimwa karatasi. Huko, maandishi yanayotoka gerezani ni ushahidi wa mtu anayekataa kunyamazishwa. Haini (2003) ya Adam Shafi nayo inalichora gereza kama mahali ambapo dola humlazimisha mtu kusema isichostahili kusemwa. Katika The Brethren karatasi inatoka kirahisi, ikisindikizwa na sheria yenyewe, na inabeba uongo. Wafungwa wa Abdilatif na wa Shafi wamefungwa kwa sababu dola inaogopa maneno yao. Wafungwa wa Grisham wanaishi kwa sababu dola inaheshimu bahasha zao.

5.0 Msomaji Asiyeandikiwa

Bahasha hizo hupita vipi? Jibu la Grisham ni la kisheria kabisa. Mawasiliano kati ya mfungwa na wakili wake yana kinga ya usiri, na maofisa wa gereza hawana ruhusa ya kuyasoma. Trevor Carson, wakili mlevi na mwenye madeni, huingia Trumble kama mtetezi na kutoka kama tarishi, akilipwa theluthi ya mapato. Kanuni iliyowekwa kumlinda mtuhumiwa dhidi ya dola ndiyo inayogeuzwa njia ya uhalifu. Mwandishi asiyeijua sheria angewapa wafungwa wake simu ya kificho au askari aliyehongwa. Grisham anawapa haki.

Lakini kinga hiyo ina kikomo. CIA, ikimfuatilia mgombea wake, inaigundua sanduku la posta analolitumia Lake kwa jina la bandia la Al Konyers, na kuanzia hapo kila barua ina wasomaji wawili: aliyeandikiwa, na yule anayeifungua kwa mvuke. Fasihi ya Kiswahili inaijua nguvu ya barua inayofika mikononi mwa asiyeandikiwa. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, barua ya mvulana inayoangukia mikononi mwa baba inamletea Rosa kipigo na kuacha doa katika maisha yake yote. Kwa Kezilahabi msomaji wa pili ni mzazi, na adhabu ni ya hadhara. Kwa Grisham msomaji wa pili ni taasisi, na adhabu yake ni kutosema neno. Maynard hamfichui Lake. Anamhifadhi akiwa na siri yake ndani, kwa kuwa rais mwenye siri ni rais anayeongozeka.

Kwa hiyo riwaya inaweka bayana usawa ambao wahusika wake hawautamki. Spicer na wenzake wanamshika Lake kwa siri, na Maynard naye anamshika kwa siri hiyohiyo. Wa kwanza wanaitwa wahalifu. Wa pili anaitwa mzalendo. Ili kumpandisha Lake, Maynard yuko tayari kuacha damu imwagike: ubalozi wa Marekani jijini Cairo unalipuliwa, na mkurugenzi, aliyekuwa na taarifa mapema, analiacha litokee kwa kuwa hofu ya wapiga kura itamfaa mgombea. Riwaya ilitoka mwaka 2000, chini ya miaka miwili tangu milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya. Kwa msomaji wa Marekani, Cairo ya Grisham ni kituo kimojawapo cha msuko. Msomaji wa Nairobi hawezi kukipita haraka hivyo. Anagundua kwamba waliokufa katika mlipuko wa riwaya hawana majina, na kwamba kifo cha wageni katika nchi ya mbali kimetumika kama hesabu ya kura. Inawezekana Grisham alikusudia kulaani hesabu hiyo, lakini usimulizi wake hausimami muda wa kutosha ili laana hiyo isikike.

6.0 Uhalisi, Taharuki na Waliosahauliwa

Je, mpango wa aina hii unaaminika? Historia ya Mississippi na Louisiana inajibu. Katika miaka ya 1980, Kirksey Nix, aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha katika gereza la Angola, Louisiana, aliendesha ulaghai wa matangazo ya wapenzi wapweke uliowalenga wanaume wapenzi wa jinsia moja, akikusudia kujikusanyia fedha za kununulia uhuru wake. Ulaghai huo ulihusishwa na mauaji ya Jaji Vincent Sherry na mkewe Margaret huko Biloxi mwezi Septemba 1987, na mshirika wa jaji huyo katika uwakili, Peter Halat, aliyekuja kuwa meya wa Biloxi, alitiwa hatiani mwaka 1997. Mfanano na riwaya ni dhahiri: matangazo, barua, wakili wa nje, ndoto ya kununua mlango wa gereza. Tofauti ndiyo inayofundisha. Biloxi jaji alikuwa miongoni mwa waliouawa. Trumble majaji ndio waandishi wa barua. Riwaya imeondoa maiti ya jaji na kumweka jaji mwenyewe mezani, kalamu mkononi. Kwa kufanya hivyo, imeuhamisha uovu kutoka pembezoni mwa sheria hadi ndani ya sauti yake.

Kimuundo, Grisham anachagua taharuki badala ya fumbo. Tzvetan Todorov alitofautisha riwaya ya upelelezi, ambayo huturudisha nyuma kuitafuta hadithi ya uhalifu uliokwisha kutendeka, na riwaya ya taharuki, ambayo uhalifu wake unaendelea mbele ya macho yetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni wa kundi la kwanza: anakusanya dalili, anafikiri, anafumbua. Trumble hakuna Bwana Msa. Msimulizi maizi anatupa kila kitu mapema, na shauku ya msomaji haiko katika nani ametenda bali katika nani atamgundua mwenzake kwanza. Gharama ya uchaguzi huo ni ya kimaadili. Fumbo huishia kwenye ukweli unaotamkwa hadharani. Taharuki ya Grisham huishia kwenye mapatano ya siri. Wafungwa watatu wanapata msamaha wa rais anayeondoka madarakani, wanalipwa na kuondoka kwenda Ulaya, ambako mchezo wa barua unaanza upya. Anayekufa ni Trevor, tarishi.

Baadhi ya wahakiki wanaweza kuona mwisho huo kuwa kasoro kwa sababu haki haitendeki. Pingamizi hilo halina mashiko. Riwaya iliyojengwa juu ya wazo kwamba sheria ni vazi isingeweza kuishia kwa hukumu bila kujikana. Kasoro ya kweli iko kwingine: katika watu waliosahauliwa. Waathiriwa wa Ricky ni injini ya msuko mzima, na tunakaa na Garbe kwa muda mfupi tu kabla ya kumwacha na hofu yake. Wengine ni majina kwenye orodha. Hatujui wanawapenda akina nani, walianza kuficha lini, wala ukimya umewagharimu nini kabla barua haijafika. Mpango wa vitisho unawezekana kwa sababu jamii imekwisha kuwatishia watu hao kabla ya Spicer. Wafungwa wanakusanya tu ushuru wa hofu waliyoikuta. Grisham analijua hilo, kwa kuwa bila hilo hadithi yake haisimami. Hata hivyo analitumia bila kulichunguza, na hivyo riwaya inayofichua biashara ya aibu inaendelea kuitegemea aibu hiyohiyo kwa burudani yake. Hakuna hata mwathiriwa mmoja anayepewa nafasi ya kuisema siri yake mwenyewe na kwa kufanya hivyo kuinyang'anya thamani yake sokoni.

Kuna mahali pamoja ambapo riwaya inakaribia kujikosoa. Beech, ambaye enzi zake alihukumu watu bila kuwaza sana, anamwona kijana Buster akiingia Trumble na kifungo kirefu, na anaanza kuitafutia rufaa kesi yake. Kwa mara ya kwanza miaka ya adhabu ina uso. Sehemu hiyo ni fupi, lakini inaonesha riwaya ambayo Grisham angeweza kuiandika: ile ambayo lugha ya sheria inarudishwa kwenye kazi yake ya kumtetea mtu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba The Brethren inazidi kisa cha ujanja wa wafungwa. Ni uchunguzi wa rejista: namna mamlaka ya lugha inavyoweza kutenganishwa na uhalali wa msemaji na bado ikatiiwa. Kikao cha mkahawani na barua ya vitisho ni pande mbili za umilisi mmoja, na dola inayozisoma barua hizo kwa siri inatumia mbinu ileile kwa bajeti kubwa zaidi. Udhaifu wa riwaya ni kwamba haikuwageukia wale ambao hofu yao ndiyo mtaji wa wote.

Kwa wanaisimu na wahakiki wa Kiswahili, suala hili si la Florida peke yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 nchini Tanzania yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hivyo rejista ambayo kwa miongo mingi ilijificha nyuma ya Kiingereza sasa inajengwa katika lugha inayosikika sokoni na nyumbani. Hilo ni jambo la kufurahia. Linaleta pia kazi: kuchunguza namna barua ya madai, hati ya wito na onyo la wakili zinavyoandikwa kwa Kiswahili, na namna mlaghai anavyoweza kuziiga. Isimu ya kimahakama ya Kiswahili bado ni changa, na riwaya pendwa, zetu na za wengine, zimekwisha kuanza kutuandalia data zake.